Gereji ya Nyuma ya Nyumba



Wahariri wa kitabu chetu hiki cha mwaka wamenitaka niandike juu ya gereji yangu. Wamesema kuwa vijana wa familia zetu walioko Muscat, London, Toronto, Mombasa na hapa Johannesburg wamekuwa wapenzi wa magari ya zamani, na kila mmoja anataka awe na kibanda chake cha kutengenezea gari nyumbani. Basi maalim awaeleze waanze wapi na wanunue nini. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa mtu aliyesomesha karibu miaka 40 hachoki kusomesha hata akistaafu. Ya pili nitaieleza mbele kidogo, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya mwenyewe, badala ya kumwachia kijana anayejua magari kunishinda mimi. Nao ni wengi.

Penzi lilivyoanza

Nilizaliwa Unguja mwaka 1959. Asubuhi nilikwenda skuli, jioni chuoni, na baina ya chuo na Magharibi nilikuwa chini ya mwembe wa ami yangu, aliyekuwa na Peugeot 404 ya teksi. Wenzangu wa rika langu watakumbuka gari lile: taa za nyuma kama mapezi ya samaki, na injini iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Kila Pasaka tulikaa mbele ya redio kusikiliza mashindano ya Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa hiyo sisi watoto tulijiona tumeshinda wenyewe. Ami akitoka hapo akilisafisha gari lake kama anayesafisha farasi.

Kwa ami nilijifunza kushika spana. Aidha nilijifunza jambo jingine, ambalo zamani nililiona fahari na leo naliona lina pande mbili, nalo ni kufanya kazi bila ya vifaa. Gasketi tulikata katika karatasi ya boksi. Gari tulilipandisha juu ya mawe. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea haziletwi, niliona kwa macho yangu watu wakitia maji ya sabuni katika breki pahala pa mafuta yake, nao wakaendesha. Fundi aliyeweza kuitoa gari barabarani kwa waya na kipande cha mpira alisifiwa mtaa mzima. Sifa hizo alistahili. Lakini wale waliopoteza vidole, na mmoja niliyemjua aliyepoteza mguu, hatukuwahesabu. Tulisema ni ajali.

Nyumba ya Mayfair

Nilifika Johannesburg mwaka 1998, nikapata kazi ya kusomesha, na mwaka 2003 tukanunua nyumba hapa Mayfair. Kwa wasiopajua, Mayfair ni mtaa mkongwe magharibi ya katikati ya mji, jirani na Fordsburg. Zamani sheria ya kutenga makaazi kwa rangi iliufanya mtaa wa wazungu. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991, na leo ukitoka msikitini Ijumaa unasikia Kigujarati, Kisomali, Kichewa, Kiarabu na Kiswahili katika hatua mia moja.

Nyumba za hapa ni za bati, zimebanana kwa mbele, lakini kwa nyuma zina uwa, na nyuma ya uwa kuna kichochoro. Vichochoro hivyo vilikatwa zamani ili wabeba ndoo za choo wapite usiku. Ndoo zilipokwisha, wenye nyumba wakajenga vibanda vya magari vinavyofunguka kichochoroni. Chetu kilikuwa kimoja cha hivyo: kuta za matofali, paa la asbesto, sakafu ya udongo, na mlango wa mbao uliooza. Mimi nikakitia masanduku ya vitabu.

Mwaka 2006 nikasikia kuwa mzee mmoja anahama, naye ana 404 imelala uwani kwake. Nilikwenda kuitazama tu. Nilirudi nayo, imevutwa kwa kamba. Mke wangu aliitazama, akanitazama mimi, akauliza vitabu vitakwenda wapi.

Jumamosi ya Juni

Sasa niieleze ile sababu ya pili.

Dada yangu alinikabidhi mwanawe aje asome hapa. Alifika mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 18, kijana mtulivu, mikono yake haikai bure. Kila Jumamosi tulikuwa naye penye lile gari. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni 2009 tulikuwa tukifunga bomba la moshi. Tuliinua nyuma ya gari kwa ile jeki ndogo inayokuja na gari, tukaivua tairi ya kushoto, na yeye akaiacha imelala kando, nusu yake chini ya gari. Sakafu ilikuwa bado ya udongo na inateremka kidogo kuelekea kichochoroni.

Mwezi wa Juni jua la hapa huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu. Magharibi ilikuwa karibu na mimi nilikuwa na haraka. Kijana akauliza, "Mjomba, tusitie mawe kwanza?" Nikamwambia, "Ingia tu, ni nati moja, ni dakika mbili." Hayo ni maneno yangu, niliyasema mimi, wala hapana fundi wala muuza duka wa kulaumiwa.

Nilisahau jambo ambalo nalijua tangu utoto wangu. Breki ya mkono ya gari lile hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, umeinua na breki yako. Magurudumu ya mbele yalikuwa huru, hayana kabari. Kijana alipovuta spana, gari lilitembea kiasi cha shubiri moja, jeki ikalala, na gari likaanguka.

Lilianguka juu ya ile tairi aliyoiacha. Rimu ilibeba uzito wote, ikabaki nafasi ya kimo cha kifua chake. Mkono wake wa kulia ndio uliobanwa. Nilipiga ukelele, akaja jirani yetu Msomali mwenye duka, wakaja na Wamalawi wawili waliokuwa wakipita kichochoroni ambao hatukuwajua kabla ya siku ile, na sisi wanne tukaliinua gari kwa mikono. Kiwiko kilikuwa kimevunjika pahala pawili. Alifungwa plasta, akafanyiwa na operesheni, na mpaka leo mkono ule haunyooki sawasawa.

Usiku ule nilimpigia simu dada yangu. Nikamwambia mtoto ameanguka.

Tangu siku ile sikumruhusu mtu kuingia chini ya gari kwangu mpaka gereji ikamilike, na ilichukua miaka minne. Mambo yafuatayo nayaandika kwa mpango ule ule nilioufuata mimi baada ya kuumia, na ambao mwenye akili ataufuata kabla ya kuumia. Utaona kuwa spana, ambazo kila kijana hukimbilia kuzinunua mwanzo, ziko karibu na mwisho.

Nafasi na sakafu

Pima kwanza. Gari kama 404 lina urefu wa karibu mita 4 na nusu na upana wa mita 1 na sentimita 60 hivi. Gereji ya gari moja yenye mita 3 kwa 6 yatosha, ila upime milango ya gari ikiwa wazi, na uache hatua moja mbele kwa meza ya kazi. Kilichokuwa sakafuni kikipata pahala ukutani, gereji imeongezeka ukubwa bila ya kununua tofali.

Sakafu ndiyo msingi wa yote. Jeki juu ya udongo huzama upande mmoja bila ya kukuaga. Sisi tulimwaga zege ya unene wa sentimita 10 yenye wavu wa chuma ndani. Hewa ya Johannesburg ni kavu mno wakati wa baridi, na zege inayokauka upesi hupasuka. Kwa hiyo tuliifunika nailoni tukainywesha maji kwa muda wa wiki moja. Pale gari linaposimama pawe sawa kabisa. Mteremko mdogo wa kutoa maji uwe karibu na mlango tu.

Vijana wengi huniuliza juu ya kuchimba shimo la kuingilia chini ya gari. Jawabu langu ni hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa shimoni kama maji, na cheche moja inatosha.

Paa na vumbi

Hili liwahusu hasa walioko hapa Afrika Kusini. Nchi hii ilikuwa mchimbaji mkubwa wa asbesto, na mabati ya asbesto yamejaa katika vibanda vya zamani. Mwaka 2008 serikali ilipiga marufuku asbesto, lakini paa lililokuwapo lilibaki pale pale. Paa la namna hiyo likiwa zima, liache. Usilitoboe, usilikate, wala usilisugue kwa brashi, kwani vumbi lake likiingia kifuani halitoki, na maradhi yake huja baada ya miaka mingi. Sisi la kwetu lilikuwa limevunjika, tukawaita wenye idhini ya kuliondoa, nami sikuwaruhusu watoto uwani siku mbili.

Vivyo hivyo breki za magari ya zamani. Viatu vya breki vya 404 na wenzake vilitengenezwa kwa asbesto. Zamani tulikuwa tukivua ngoma ya breki na kupuliza vumbi kwa mdomo, nashangaa tumeishije. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa kibichi, tia kitambaa ndani ya mfuko, ufunge.

Hewa, mwanga na umeme

Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Huku kwetu usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hata chini ya sifuri, na mtu wa pwani akisikia baridi ile hutamani kufunga mlango na kuiacha injini inguruma. Usifanye. Injini ikiwaka, mlango uwe wazi wote. Jenereta nayo isiwekwe ndani hata siku moja. Mwaka 2023, ambao mgao wa umeme ulikuwa mbaya kuliko miaka yote, wengi walinunua jenereta, na nilizunguka nyumba za jamaa zetu kuwaambia hilo nyumba kwa nyumba.

Kuta zipakwe chokaa au rangi nyeupe. Mwanga huzidi maradufu. Taa ya kushika mkononi iwe ile isiyotoa joto, yenye betri yake. Taa za zamani za balbu ya moto zikianguka huvunjika, na pakiwa na tone la petroli ni msiba. Taa ya betri ina faida nyingine pia, kuwa umeme ukikatika kazi haikatiki.

Umeme wenyewe usiuvute kwa waya kutoka dirisha la jikoni. Mwite fundi mwenye leseni, akupe na hati yake, na atie swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Plagi za ukutani ziwe juu, kimo cha kiuno, kwa sababu ile ile ya mvuke wa petroli kukaa chini. Toka Oktoba hadi Machi ngurumo za Johannesburg huja mchana na radi zake. Ukiona wingu jeusi, chomoa kila kitu.

Jeki, stendi na kabari

Ndugu zangu, kama utasahau yote niliyoandika, likumbuke fungu hili.

Jeki ni ya kuinulia gari. Haikutengenezwa kulishikilia. Nunua jeki nzito ya magurudumu yenye uwezo wa tani 2 au zaidi, na pamoja nayo, siku hiyo hiyo, duka hilo hilo, nunua stendi nne, yaani ile miguu mitatu au minne ya chuma ya kuegemezea gari. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, rudi nyumbani usubiri mshahara mwingine. Soma maandishi ya stendi: mara nyingi uzito ulioandikwa ni wa stendi mbili kwa pamoja.

Utaratibu wa kwetu ni huu, nao umebandikwa ukutani kwa hati yangu, kubwa kama ya ubaoni. Kwanza, gari lisimame pahala sawa. Pili, kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Tatu, inua. Nne, tia stendi chini ya pahala pagumu pa gari, kisha teremsha uzito juu yake. Tano, litikise gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Kama litaanguka, na lianguke sasa. Sita, tairi uliyoivua ilaze chini ya ubavu wa gari. Hili la sita hatukulisoma kitabuni.

Matofali hayafai. Tofali hubeba uzito mkubwa ikiwa umetandazwa sawasawa, lakini chuma kikilichoma pahala pamoja hupasuka ghafla. Mawe ya ami yangu chini ya mwembe yalitusitiri kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, si kwa ustadi wetu.

Spana na vyombo

Hapa ndipo penye raha, nami sitawanyima. Johannesburg ni mji wa machimbo ya dhahabu tangu 1886, na mji wa machimbo ni mji wa mafundi chuma. Wazee wao wanapofariki, vyombo vyao huuzwa katika maduka ya mitumba na minada ya Jumamosi. Jiliwa langu, zito la kubebwa na watu wawili, lilinunuliwa hivyo, na litamrithi mjukuu wangu. Chombo kizuri kilichotumika ni bora kuliko kipya kibovu. Spana laini hutanuka na kuila kichwa nati, na saa moja ya kazi huwa siku tatu.

Anza na hivi: spana za mdomo na za pete kutoka namba 8 mpaka 19, seti moja ya spana za boksi, bisibisi sita, koleo mbili, nyundo moja ya chuma na moja ya mpira, fila za kupimia nafasi za plagi na platini, spana ya kupimia kiasi cha kukaza, na kipimo cha umeme. Namba 10 nunua mbili, kwani ni mtoro. Mwenye Morris Minor ajue kuwa gari lake ni la inchi na spana hizi hazitamfaa. Meza ya kazi iwe kimo cha mfupa wa nyonga yako wewe, si cha jirani. Ukutani chora umbo la kila chombo nyuma ya pahala pake. Ukifunga gereji jioni utaona mara moja kipi hakikurudi. Nilikuwa nikifanya hivi na mikasi ya darasa la kwanza.

Kizima-moto cha unga kiwekwe karibu na mlango, si mwisho wa chumba ambako moto utakuzuia kukifikia. Vitambaa vya mafuta viwe katika debe la chuma lenye kifuniko. Vyuma visafishwe kwa mafuta ya taa, petroli isitumike. Mafuta machafu ya injini yasimwagwe kichochoroni. Yakusanye katika dumu uyapeleke panapopokelewa. Hapa nchini ipo taasisi ya ROSE iliyoanzishwa kwa kazi ya kuyakusanya.

Gari la pwani juu ya mlima

Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kabureta isiyosaidiwa na mashine ya kusukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Mafuta huingia mengi kuliko hewa, plagi zikawa nyeusi, gari likakohoa. Dawa yake ni kupunguza jeti za kabureta na kuusogeza mbele kidogo wakati wa cheche. Ndiyo maana pia petroli ya namba 93 inauzwa huku juu, wakati pwani ya Durban huuzwa 95. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, basi mfuniko wa rejeta ukiwa mbovu gari litapika. Tia na dawa ya kuzuia maji kuganda. Mimi mtu wa Unguja sikujua kuwa maji yaweza kupasua injini kwa baridi.

Neema yake ni kuwa kutu ni kidogo. Gari ambalo Unguja chumvi ingelila kwa miaka kumi, hapa linakaa hamsini. Mwenye kununua gari la zamani na anunue huku juu.

Jumamosi za sasa

Gereji ilikamilika mwaka 2013. Tangu hapo vijana huja kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Wana Citi Golf, zile zilizotengenezwa Uitenhage, mji uitwao Kariega tangu 2021, mpaka uzalishaji ukakoma 2009. Wana na vigari vidogo vya mizigo vya Nissan 1400 vilivyokoma 2008. Wengine wamezaliwa hapa, na Kiswahili chao kilikuwa kimepinda. Lakini katika gereji yangu hakuna sheria ya lugha. Mimi husema "nipe koleo", na asiyejua koleo ni nini hujua baada ya dakika moja. Mke wangu huleta chai ya tangawizi na mandazi, na vile vitabu sasa viko chumbani kwa wageni.

Dada yangu alikuja kututembelea mwaka 2014. Siku ya pili asubuhi aliniambia, "Nionyeshe pahala palipomuumiza mwanangu." Basi alikuwa akijua. Kijana alimweleza mwaka ule ule, kwa ombi kuwa asinitahayarishe, na yeye akaniachia miaka mitano niseme mwenyewe. Nikasema siku ile, yote, pamoja na zile dakika mbili. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia, akasoma yaliyobandikwa ukutani, akazihesabu stendi kwa kidole, moja mpaka nne. Akauliza, "Na wengine wenye watoto, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nimechukua miaka mingine mingi, na hapa ndipo ninapomjibu.

Mpwa wangu sasa ni mhandisi na ana watoto wawili. Ndiye aliyeifufua ile 404, mimi nilishika taa tu. Sikukuu iliyopita tuliiendesha hadi mwisho wa Fordsburg na kurudi, watoto wake wamekaa nyuma. Tuliporudi, mwanawe mkubwa, wa miaka saba, alizichukua kabari mbili akazitia mbele na nyuma ya gurudumu, ingawa gari lilikuwa limesimama pahala sawa na hakuna aliyemtuma.

Mlango wetu wa kichochoroni uko wazi kila Jumamosi. Anayepita Johannesburg na apite. Chai ipo, na spana namba 10 anaombwa aje na yake.

Wassalaam.